Faili Lenye Nukta Mbele

Ukikuta faili katika kompyuta ya marehemu linazidi kunenepa, utamwita nani kwanza: fundi au mganga?

Usijibu haraka. Dada naye alikuwa na digrii yake ukutani, na alijua fika kwamba yeye ni mtu wa mafundi.

Baba yao aliwaachia ofisi ya kutafsiri nyaraka, vyumba viwili juu ya duka la vioo. Dada ndiye aliyetafsiri. Mdogo wake wa kiume alipokea simu, na wote walimwita Profesa kwa kuwa hakuwahi kumaliza chuo chochote alichokianza. Wiki ya sita baada ya mazishi, folda ya kazi ikagoma kupanda kwenye hifadhi ya wingu. Kimshale kilizunguka kutwa nzima juu ya maneno yaleyale: faili moja limebaki. Dada akaifungua folda. Tupu.

"Intaneti hiyo," alisema Profesa bila kuinua macho.

"Sijakuuliza bado."

Siku ya pili ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kufungua pua, aliyokuwa akijipaka baba kifuani. Ilipenya chini ya mlango wa chumba chake, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa mkobani mwa Dada. Siku ya tatu, saa nane mchana, honi zikipigwa nje, mtu alikohoa humo ndani. Kikohozi kidogo, cha mtu anayejiandaa kusoma.

Dada alimtazama Profesa, na Profesa akajitia kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Siku aliyokufa baba, Dada alikuwa ametoka nusu saa tu kumfuatia dawa. Alimkuta kitini, amekwisha poa. Profesa akamwambia mzee alijiendea usingizini, kimya, hakukuwa na cha kusikia. Tangu hapo nusu saa ile ilikuwa ikimtafuna Dada. Angebaki, je, angesikia nini?

Fundi wa kompyuta alikuwa mama wa makamo mwenye mikono mizito na maneno mepesi.

"Shoga yangu, majini hayatumii intaneti," alisema akivuta kiti. "Yangeitumia, yangeteseka yenyewe kwanza." Akabofya mahali. "Folda yako haiko tupu. Kuna kitu kimefichwa. Hiki hapa."

Mstari uliofifia ukatokea. Faili la sauti, lenye tarehe ya siku ile ya kifo. Jina lake lilianza na nukta.

Baba alikuwa na utaratibu wake: kila waraka aliusoma kwanza kwa sauti, kompyuta ikirekodi, na rasimu ambayo haijapitiwa mara ya pili aliiwekea nukta mbele ya jina ili kompyuta iifiche. Kazi mbichi haionyeshwi wageni, alikuwa akisema. Watu watatu tu walikuwa na tabia hiyo: baba, yeye na Profesa. Mmoja yuko kaburini, na maiti hafichi faili.

"Lifute," Profesa alisema. "La nini?"

Fundi akalifuta. Likarudi.

"Ni kawaida. Kuna kompyuta nyingine inalipandisha tena."

"Nyingine ni ya baba," alinong'ona Dada. "Imezimwa tangu msiba."

Fundi akasogeza uso karibu na kioo, na safari hii hakutania. "Haliwezi kumaliza kupanda kwa sababu halijafungwa. Tazama ukubwa wake, unaongezeka. Kuna mtu bado anarekodi."

Dada alifungua chumba cha baba, nao wakasimama kizingitini, watatu wamebanana kama kondoo waliosikia fisi, wakiitazama kompyuta iliyofunikwa, waya wake umeviringwa juu ya mfuniko, vumbi limelala juu yake bila alama ya kidole, na Dada aliponyoosha kiganja kuugusa mfuniko ule akaukuta una joto, joto la paji la uso wa mgonjwa, huku ile harufu ikimjia puani kana kwamba kifua kilichopakwa dawa kilikuwa kimemwinamia.

"Mimi mwisho wangu hapa," fundi alisema chini chini.

Dada akarudi mezani pake.

"Dada, usilifungue."

"Kwa nini?"

Dada akalifungua.

Baba alikuwa akisoma barua ya mtu. Akasita. Akakohoa. "Profesa, mwanangu, njoo uniinue." Kiti kikalia. Akaita tena, taratibu. Nyuma ya sauti yake, kutoka chumba cha pili, mtangazaji wa mpira alikuwa akipayuka, na baba alipoita mara ya tatu mtangazaji yule akapaza zaidi, mpaka akaifunika pumzi ya mwisho.

Lakini faili lilikuwa na wiki sita mbele. Dada akaliburuta hadi mwisho kabisa. Kukasikika mlango ukifunguliwa, nyayo za watu watatu, kisha sauti ya fundi: mimi mwisho wangu hapa. Halafu, karibu mno na kinasa sauti, kikohozi kidogo.

"Profesa, mwanangu."

Fundi alikuwa amekwisha fika kwenye ngazi. Dada hakugeuka kumtazama ndugu yake. Alingoja tu. Na Profesa akaanza kusema, lakini si na Dada. Uso wake ulielekea mlango wa chumba kile.

"Nilikusikia, baba. Mara zote tatu nilikusikia. Nikaongeza sauti."