Mgongo wa Msusi

Msusi aliamka, akageukia ubavu, akashika ukingo wa kitanda.

"Uuu! Mgongo wangu!"

Mwaka uliopita alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Kidonda kilipona. Ganzi ya mguu iliondoka. Maumivu ya kiuno yakabaki.

Mumewe, fundi baiskeli, aliingia na chai. "Usiinuke, mke wangu. Utajivunja."

Msusi hakuruhusiwa kuosha hata kikombe. Saluni aliifunga. Alilala mchana kutwa, na kila siku alizidi kulegea.

Siku hiyo mdogo wake alikuja mbio. "Dada, naolewa! Utanisuka mtindo gani?"

"Tafuta msusi mwingine," alijibu, akageukia ukutani. Machozi yalimtoka.

"Sitaki mwingine! Kesho twende hospitali. Nitakubeba, mgongo wangu ni mzima."

Daktari alimpima, akampiga picha ya eksirei. Mifupa ilikuwa imeunga vizuri. Akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mcheshi.

"Kama imeunga, mbona naumwa?" msusi aliuliza.

"Maumivu yako ni ya kweli, mama, hujayabuni. Mishipa ya fahamu iliyoteseka muda mrefu huendelea kupiga kelele hata hatari ikiisha. Na misuli isiyofanya kazi huwa goigoi. Ukiumwa kidogo unapotembea, si kwamba unavunjika."

"Basi nisipumzike?"

"Pumzika, kisha inuka. Kidogo kidogo, kila siku. Dawa meza kama daktari alivyokuandikia, usijiongezee. Lakini mguu ukiishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, mkojo ukikataa au ukijitokea wenyewe, au ukipata homa, kimbia hospitali saa hiyohiyo."

"Nikimbie na mgongo huu?"

"Basi ubebwe!"

Wote walicheka.

Msusi alianza kutembea hadi getini. Baadaye akafika dukani. Mumewe alimfuata nyuma, mikono ameitanua.

"Kwani mimi yai?" msusi alimuuliza.

Siku moja alijisikia vizuri mno. Akafungua saluni, akasuka watu hadi jioni. Kesho yake hakuweza kuinuka. Alimpigia simu mtaalamu, analia.

"Mguu una nguvu? Mkojo unatoka vizuri? Homa huna?" mtaalamu aliuliza.

"Sina shida hizo. Ni kiuno tu."

"Basi hujaharibu kitu. Umejibebesha mengi kwa mkupuo. Siku nzuri nayo ina kipimo chake. Anza tena, taratibu."

Akaanza tena. Mumewe alimtengenezea kigoda kirefu cha kukalia anaposuka. Wateja sasa walikaa kwenye kiti, si kwenye mkeka, ili asiiname. Alisuka, akasimama, akazunguka chumba, akarudi kusuka.

Asubuhi ya harusi alimsuka mdogo wake kwa awamu, mpaka msuko wa mwisho. Bibi harusi alijitazama kwenye kioo, akapiga kelele za furaha.

"Dada! Mgongo je?"

"Unauma kidogo. Lakini haunitawali tena."

Jioni muziki ulipopigwa, msusi alimvuta mumewe katikati ya ukumbi.

"Polepole, mke wangu!"

"Wewe ukichoka, kakae," msusi alisema, akaendelea kucheza.