Nguo za Kabeya

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika kwenye depo ya maajenti wa ushuru, pale wanapoweka vitu walivyokamata barabarani. Sikwenda kuomba. Nilikuwa na hasira ya siku nane.

Nilikwenda kudai furushi la nguo za mume wangu, Kabeya, aliyefukiwa shimoni akichimba kobalti. Kwetu nguo za marehemu hazivai mtu mpaka ndugu zake wazigawe siku ya kumaliza matanga. Hapo ndipo roho yake inatulia na mjane anakuwa huru. Nilikuwa nazipeleka kwa kaka zake, kule Dilolo. Maajenti watatu wakanikamata kwenye kituo cha mabasi, eti nauza mitumba bila karatasi. Niliwaeleza vizuri kabisa. Mkubwa wao, Stany, akacheka na kuvaa koti la Kabeya palepale. Modeste akachukua suruali, Dimitri viatu.

Sasa uani kimya. Umeme umekatika.

Kru... kru...

Mguu unaburuzwa. Kabeya alitembea hivyo tangu jiwe limvunje goti la kushoto.

Wakatokea wote watatu, mmoja nyuma ya mwingine.

Wote wanaburuza mguu wa kushoto.

Walinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa. Koti la Stany lilikuwa limelowa tope, limefungwa vifungo hadi shingoni. Alijaribu kulivua mbele yangu, vidole vikakataa.

"Mama, utusamehe," alinong'ona. "Ile koti haitoke. Tunakohoa udongo. Kamata bitu byako, tafazali."

Dawa niliijua. Mjane akizivua kwa mikono yake na kuzifikisha kwa ndugu, marehemu huzifuata. Nilinyoosha mkono, nikashika kola. Ilikuwa baridi. Kisha nikakumbuka kile kicheko chake cha kituoni. Alikuwa anatetemeka, na nasema kweli, nilifurahi.

Nikaiachia kola.

"Muvae tu," nikamwambia.

Nikaondoka. Nyuma yangu hatua zikaanza... kru... kru... Nikakaza mwendo, nazo zikakaza. Nikaingia ndani kwangu, nikafunga komeo.

Vinywa vitatu vikasema pamoja, kwa sauti moja. Sauti ya Kabeya.

"Bilonda, fungula mulango. Ulikatala kunipeleka kwa bandugu yangu. Basi mi nimerudia kwako."

Sijafungua mpaka leo. Wamekaa kizingitini, wanakohoa, na mimi bado nimevaa nyeusi.