Kuhama kwa Misumari Kumi

Jumamosi asubuhi kila mtu katika nyumba ya muuguzi alikuwa na kazi yake. Muuguzi alifua sare zake nyeupe. Watoto wawili, wa kike na wa kiume, waligombania ufagio. Si kwamba walipenda kufagia, ila mwenye ufagio alisamehewa vyombo. Mume wa muuguzi, ambaye ni seremala, alichukua kitambaa chenye mafuta akaenda chumbani kulisugua kabati lake.

Kabati hilo lilikuwa la kujivunia kweli. Lilikuwa na milango minne na droo sita, na lilijaza ukuta mzima. Seremala alilitengeneza kwa mbao ngumu mwaka wa pili wa ndoa, humo humo chumbani, kwa sababu wakati huo hakuwa na karakana. Wageni aliwaonyesha hata wasiouliza. Jirani aliyekuja kuazima pasi aliondoka na pasi pamoja na habari za kabati.

Jumamosi hiyo muuguzi aliingia chumbani na mikono yenye povu.

"Baba watoto, barua imetoka. Nimepandishwa cheo. Nitakuwa msimamizi wa wodi ya wazazi."

"Hapa hapa?"

"Si hapa. Ni mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Wanataka niripoti baada ya wiki tano."

Seremala akatupa kitambaa. Akamkumbatia mkewe, povu na vyote.

"Miaka kumi na miwili unahangaika na wazazi wa watu! Hii ni haki yako. Tunahama wote."

"Na kazi yako?"

"Kazi yangu iko mikononi. Mbao ziko kila mji."

Wapo wanaume ambao wangenuna wiki nzima. Huyu alianza kupiga mluzi. Muuguzi alimtazama akaona ameolewa na mtu.

Lakini moyo mzuri ni kitu kimoja na mpango mzuri ni kitu kingine. Jumatatu seremala alirudi nyumbani akitabasamu. Alikuwa amekwenda kwenye yadi ya malori na kuelewana na dereva. Angekodi lori zima. Wangepakia kila kitu, mpaka kamba ya kuanikia nguo. Dereva alitaka arubuni siku ya Alhamisi, na arubuni hairudishwi.

"Tukishalipa lori, tutabaki na nini?" muuguzi akauliza.

"Si kuna posho ya uhamisho? Mengine yote posho itamaliza."

Muuguzi alipiga hesabu kichwani. Pesa za lori zingekula zaidi ya nusu ya akiba yao. Kodi ya nyumba mpya ingemaliza karibu yote iliyobaki. Alipomwambia mumewe, seremala alikuna kichwa.

"Basi tangulia wewe. Mimi na watoto tutafuata mambo yakikaa sawa."

Maneno hayo yalimchoma. Kazini kwao alikuwako mwenzake aliyetangulia hivyo hivyo. Mambo hayakukaa sawa. Mwaka wa tatu sasa, aliwaona wanawe wakati wa likizo tu, na mdogo alikuwa amezoea kumwita shangazi.

Jumatano jioni muuguzi akaenda kwa jirani yao wa mlango wa tatu. Watu walimwita Bi Mizani. Alifanya kazi kwenye yadi ile ile ya malori, kwenye mizani kubwa. Alipima mizigo na kuandika stakabadhi. Isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa amehama mara nne, na mara ya kwanza alipoteza nusu ya vyombo vyake kwa kutojua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Arubuni mmeshatoa?"

"Kesho."

"Basi hatujachelewa. Twende kwa fundi."

Bi Mizani alivua mabuti yake ya mpira mlangoni, akaketi mezani.

"Fundi, niletee misumari kumi."

"Ya inchi ngapi, mama?"

"Yoyote. Leo sijengi, nahesabu."

Seremala akaileta. Bi Mizani akaipanga mezani kwa mstari.

"Hii ndiyo akiba yenu yote. Mkiigawa mafungu kumi sawa, kila msumari ni fungu moja. Haya, lori zima ni misumari mingapi?"

Seremala akafikiri. "Sita."

Bi Mizani akasogeza sita pembeni. "Kodi ya nyumba huko? Wenye nyumba wengi wanataka miezi kadhaa mbele."

"Misumari mitatu," akajibu muuguzi. Alikuwa amempigia simu muuguzi mwenzake wa huko akauliza.

"Nauli ya watu wanne?"

"Mmoja."

Bi Mizani akausogeza msumari wa mwisho. Meza ikabaki tupu.

"Mmeshafika. Mko ndani ya nyumba, na kabati lenu. Sasa watoto wataingia shuleni kwa pesa gani? Mtakula nini mpaka mshahara wa kwanza?"

"Posho..." seremala akaanza.

"Iko wapi?"

"Inakuja."

"Ikija tutaipa msumari wake. Mezani tunaweka kilichopo mkononi."

Akaendelea kuhesabu kwa vidole. Shule za watoto, sare na madaftari, msumari mmoja. Chakula cha mwezi mzima, miwili. Na mmoja wa dharura, kwa sababu safarini halikosi jambo.

"Mnahitaji kumi na minne. Mnayo kumi."

"Ndiyo maana nikasema mama watoto atangulie," seremala akasema kwa sauti ya chini.

Muuguzi akamgeukia mumewe. "Mimi sitaki kutangulia. Cheo hiki nimekililia miaka yote, lakini nikitoka kazini nataka kuwakuta ninyi. Kama ni kwenda peke yangu, nitaandika barua nikatae."

Seremala aliinamisha kichwa. Hakujua kwamba jambo lilikuwa zito kiasi hicho.

Bi Mizani hakuwaacha wabaki na huzuni. "Hakuna anayekataa cheo hapa. Tuanze na hii sita ya lori. Lori zima la nini?"

"Kabati peke yake ni nusu lori, mama."

"Umelipima?"

"Nilipime? Mimi ndiye niliyelitengeneza!"

"Najua. Na mlango umeupima?"

Seremala akacheka. Akachukua tepu yake akaingia chumbani. Tepu ikasikika ikivutwa na kurudi, ikivutwa na kurudi. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau jina lake.

"Halipiti."

"Hata kwa ubavu?" akauliza muuguzi.

"Hata kwa ubavu. Hata dirishani."

Muuguzi aliuma mdomo asicheke. Bi Mizani hakujisumbua kuuma chochote. Alicheka mpaka akafuta machozi. Fundi mzima, anayewapimia watu milango mji mzima, alikuwa amejifungia kabati ndani ya nyumba ya kupanga!

Mwisho seremala naye akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi. Kabati lile lilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa.

"Sikiliza, fundi," Bi Mizani akasema kwa upole. "Kila wiki malori huleta mzigo hapa kutoka mji huo. Yakishashusha, yanarudi matupu. Dereva anayerudi mtupu hukubali mzigo wa bei ndogo kuliko kukosa kabisa. Ukimpelekea mzigo mdogo uliofungwa vizuri, utalipa misumari miwili. Lakini mbao zilale. Kitu kilichosimama na hewa ndani yake kinakula nafasi, na nafasi ndiyo unayolipia."

"Kwa hiyo nilivunje?"

"Hilo unalijua wewe. Mimi kazi yangu ni mizani."

Alhamisi arubuni haikutolewa. Seremala alikwenda karakana bila mluzi, na muuguzi akaingia zamu akiwa na wasiwasi. Aliporudi mchana wa saa tisa, alikuta milango minne ya kabati imeegemea ukuta. Mumewe alikuwa amepiga magoti, akichomoa msumari mmoja mmoja, polepole, ubao usipasuke.

"Silivunji," alisema bila kugeuka. "Nalifungua. Kila palipokuwa na msumari nitaweka bolti na nati. Likifika huko, litafungwa upya kwa spana moja."

Kwa siku tisa muuguzi alimwangalia akifanya kazi hiyo baada ya kazi. Alitoboa matundu kwa kipimo. Kila ubao aliuandika namba na upande kwa penseli. Bolti alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Muuguzi alikuwa ameona madaktari wakishona watu, na bado mikono ya mumewe ilimshangaza. Alimwambia hivyo waziwazi, na seremala akajifanya anatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Yaliyobaki waliyafanya pamoja, kwa daftari. Kwa kila kitu waliuliza: kukipeleka ni bei gani, na kununua kingine huko ni bei gani? Meza ya watu wanane na makochi mazito yaliuzwa mapema, bila haraka, kwa bei nzuri. Watu wakisubiri siku ya mwisho huuza kwa bei ya kutupa. Pesa hizo ziliongeza msumari wa pili wa dharura. Muuguzi mwenzake wa kule aliingia ndani ya nyumba mpya, akafungua bomba, akawasha taa, ndipo kodi ikalipwa. Vyeti, barua za shule na dawa vilikaa kwenye mkoba wa mkononi. Havikukaribia lori.

Siku ya kupakia, Bi Mizani aliupima mzigo wao kwa mkono wake. Akaandika stakabadhi yenye kila kitu, tangu godoro hadi kopo la bolti, dereva akatia sahihi. Kisha akaipitia mizigo ile mara mbili, akigonga mbao zilizofungwa kwa namba zake.

"Miaka ishirini nasimama kwenye mizani hii," alisema. "Sijaona mzigo wa nyumba uliofungwa hivi. Fundi, nakuvulia kofia."

Muuguzi alimshika mikono yote miwili. Alitaka kusema maneno mengi, akapata moja tu: "Asante."

Walisafiri wote wanne kwa basi. Lori lilifika kesho yake. Kila kitu kilihesabiwa kwa stakabadhi na hakikupungua hata kijiko. Kabati lilipita mlangoni kwa vipande, na kabla ya chakula cha jioni lilikuwa limesimama.

Kisha likaja lile jambo lisilokosekana. Mwisho wa mwezi mshahara haukuingia. Ofisi ilisema majina ya waliohamishwa bado yanashughulikiwa, wasubiri mwezi wa pili. Posho nayo ilikuwa haijulikani iliko. Zamani habari kama hiyo ingewatia watu hawa kwenye madeni. Sasa walifungua bahasha walimotia misumari miwili ya dharura, wakanunua unga, mafuta na maharage, wakalipa nauli za watoto. Mwezi ukapita bila kumgongea mtu mlango.

Wauguzi waliokuja kuwasalimu waliliona kabati. Seremala, bila shaka, alikuwa amelionyesha kabla hawajaketi. Wengi wao walikuwa watu wa kuhamishwa hamishwa, waliochoka kuacha samani kila mji.

"Linafunguka lote?" mmoja akauliza.

"Kwa spana moja," akajibu seremala.

Wiki hiyo alipata kazi mbili, na baada ya miezi mitatu alikuwa na karakana yenye foleni.

Lakini muuguzi, akisimulia habari za kuhama kwao, husimulia siku yake ya kwanza kazini. Alizalisha akina mama watano. Alitoka saa kumi na mbili jioni miguu ikiwaka moto, akashika njia ambayo bado hakuizoea, akapotea mara moja na kuuliza. Alipokaribia nyumba alisikia watoto wake wakigombania ufagio. Alisimama nje kidogo, mkoba begani, akisikiliza ugomvi huo kwa furaha yote. Kisha akasukuma mlango, akaingia kuwaamua.