Paskazia Alipopungua

Meli ya kutoka Nansio ilikuwa imekwisha kufunga gati bandarini Mwanza, na watu walishuka wakisukumana na kuku wao, mikungu ya ndizi na magunia ya makopa ya muhogo. Paskazia alibaki nyuma. Gauni lake la zambarau lilikuwa limelowa jasho mgongoni, naye alihangaika kumnyanyua baba yake kutoka kwenye benchi. Kiharusi kilikuwa kimemwacha Mzee Elias na upande mmoja tu wa mwili unaomsikia, na kwa kuwa mama alishafariki, binti huyu mmoja ndiye aliyemfuata Ukerewe ili akaishi naye kwake Nyakato, hapo Mwanza.

"Dada, utaumiza kiuno," sauti ilisema. "Usiiname. Chuchumaa, mkumbatie, halafu simama kwa nguvu za miguu."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, suti ya michezo ya bluu, filimbi shingoni.

"Unafundisha tu, au na kusaidia unasaidia?"

Mwanamume akacheka. Akamwamkia mzee shikamoo, akachuchumaa, akambeba mpaka kwenye teksi kama anayebeba mtoto aliyelala. Aliitwa Nkwabi, mwalimu wa michezo Butimba.

"Na kesho atanyanyuliwa na nani?" aliuliza akifunga mlango.

Daktari alikuwa amemwambia Paskazia kwamba presha yake inapanda na kwamba unene wake utamuua kabla ya baba yake. Hakujua kwa nini, lakini alimweleza mgeni yule yote, palepale, teksi ikiunguruma.

Jumamosi Nkwabi alifika Nyakato na kamba ya kurukia mfukoni. Hakutaka habari ya kukimbia barabarani. Alijua watu wangemzomea Paskazia, na mzee hakuwa wa kuachwa peke yake. Akatazama chumba, akatumia vilivyomo. Kigoda kilikuwa cha kukaa na kusimama bila kushika kitu, ukuta wa kusukuma kwa mikono, na madumu ya maji ya kunyanyua.

"Ukuta ukikuzoea tutahamia mezani, halafu sakafuni," alisema. "Taratibu. Siku mwili ukikataa, pumzika. Na soda unazokunywa uziage."

"Mwalimu, hata soda?"

"Hasa soda, mrembo wangu."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mzee Elias, kitini kwake, alicheka kwa nusu ya mdomo.

Wakati huo Paskazia aliuza vitambaa katika duka la Mama Zahabia, mjini, na mchana jirani alikaa na mzee. Simu ya duka ililia karibu kila mchana.

"Paskazia! Mwalimu wako tena!" Mama Zahabia angeita, akijifanya kukasirika.

"Umefanya?"

"Nimefanya. Mapaja yanawaka moto."

"Pole, mpenzi. Nije niyapulizie?"

"Wee! Mama Zahabia anasikia!"

Magauni yakaanza kumpwaya, akayapunguza kwa cherehani ya jirani. Presha ikashuka. Asubuhi moja alichuchumaa, akamkumbatia baba yake, akasimama naye bila kuhema, na mzee akamlilia begani kwa furaha. Jumamosi hiyo Nkwabi alisema mbele ya mzee kwamba mavuno yakiisha atawaleta wazee wake kuja kuposa.

Lakini ilikuwa miaka ile ambayo hakuna nyumba Mwanza ambayo haikuwa imezika kijana kwa ukimwi. Mtu akikonda, watu hawakuuliza amekula nini. Majirani walianza kunyamaza Paskazia akipita na ndoo. Mteja mmoja dukani alipokea kitambaa kwa ncha za vidole. Bombani alisikia kwa masikio yake: "Ameukwaa yule. Angalia shingo."

Alicheka tu. Alikuwa na mtu aliyejua kila tone la jasho lake.

Kisha simu zikapungua. Jumamosi moja Nkwabi hakuja, na iliyofuata pia. Badala yake alikuja dada yake, Dorotea, na kapu la machungwa. Paskazia alifurahi mno, akidhani ndiyo mambo ya posa yanaanza. Akachinja kuku, akavaa gauni jipya la kitenge. Dorotea alikula kidogo. Aliuliza kama anakohoa. Aliuliza kama tumbo linamsumbua. Akamshika mkono, kana kwamba anasifia bangili, akaupandisha mkono wa gauni na kuikagua ngozi.

"Wifi, unatafuta nini?"

Dorotea akainamisha kichwa. "Usinichukie. Kaka yetu mkubwa alianza hivihivi. Tulimzika ana kilo za mtoto. Nkwabi alitaka tu nikuangalie."

Paskazia alimsindikiza mpaka njiani, kwa adabu zote.

Kesho yake yeye ndiye aliyepiga simu.

"Nkwabi, wewe ndiye uliyenipa kamba ile."

"Najua, mpenzi."

"Kila dumu nililonyanyua ulilijua."

"Najua. Lakini watu wanasema, na mama yangu halali usingizi. Acha mazoezi kidogo. Nenepa, watu waone, halafu..."

"Na baba nitamnyanyua na nini?"

Paskazia aliweka simu polepole, na Mama Zahabia akamwachia kiti bila kuuliza.

Masika yalipoanza, kiharusi cha pili kilimchukua mzee. Wakamzika Nansio, karibu na mkewe. Nkwabi alifika siku ya pili ya matanga, suruali ikiwa na tope mpaka magotini. Walisimama ufukweni, mbali kidogo na waombolezaji.

"Nimepima," alisema. "Mimi mwenyewe. Nilipokuwa nasubiri majibu ndipo nikaelewa nilikufanyia nini. Niko mzima. Wewe sitaki hata kujua. Nioe tu... nikuoe, Paskazia. Hata wiki hii."

Kwa kosa kama lile, zamani wangecheka wote wawili.

"Ungeniambia twende wote kupima, ningekwenda siku ileile," Paskazia alisema. "Nimekusamehe, Nkwabi. Sina kinyongo. Lakini kila nikiumwa mafua, nitakuwa natazama macho yako."

"Nitajifunza."

"Baba alikuulizia kila Jumamosi. Nilimwambia una mitihani. Amekufa akiamini una mitihani."

Nkwabi alifunika uso kwa mikono. Paskazia alimshika bega, akambembeleza kama mfiwa mwenzake, kisha akamwambia meli itamwacha.

Hakumsindikiza. Alirudi kwenye mkeka wa wanawake, ambako shangazi zake walikuwa wamemwekea sahani ya ugali na sangara. Honi ya meli ililia. Wote walimtazama shingo, kisha sahani, waone kama atakula. Alikula huku machozi yakimdondokea kwenye tonge, akaomba aongezwe.