Firigisi ya Bata Mzinga

Siku za likizo Nekoye alizoea kuamka mapema, akafagia uwanja, akachota maji na kulisha kuku. Asubuhi ya Krismasi kazi hizo hazikuwapo, kwa kuwa mama yake, Sellah, alihakikisha zimemalizwa jana yake. Mama alisema amechoka na Krismasi za kukimbizana jikoni. Mwaka huu moto ungekuwa wa polepole na kila mtu angekuwa na kazi yake moja tu. Nekoye alipewa kukaa kando ya sufuria ya bata mzinga, achochee kuni na kuongeza maji.

Bata mzinga mwenyewe hakuwa mchezo. Walimfuga tangu Machi hapo nyumbani kwao Lurambi, na alichinjwa kwa ajili ya kaka yake Baba, yaani Baba Mkubwa Shitanda. Ndugu hao waligombania mpaka wa shamba, na kwa miaka mitatu Baba Mkubwa hakukanyaga kwao. Sasa alikuwa ameahidi kuja kutoka Lugari. Baba alifurahi hata akajipigia pasi shati, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Basi sikilizeni. Kwa Waluhya, firigisi, ambayo nyumbani huitwa imondo, haiguswi na mtoto. Huwekewa mgeni wa heshima. Mgeni akiikosa huelewa kwamba hatakiwi, hata akiandaliwa nyama ya kujaza karai. Nekoye aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini harufu ilimzidi nguvu, na pale kando ya moto akajipa hoja ya ajabu: desturi hiyo ni ya kuku, na huyu si kuku. Akaonja kipande kidogo, akaonja kingine. Kufumba na kufumbua, firigisi yote ilikuwa tumboni.

Wakati wa kupakua Mama aliitafuta weee, asiione. Alipomuuliza Nekoye, msichana huyo alijibu kwamba hajui, labda ilisahaulika pale walipochinjia. Mama alishika kiuno, lakini mgeni alikuwa tayari amenawa mikono. Ikabidi bakuli lipelekwe vivyo hivyo.

Baba Mkubwa aligeuzageuza nyama kwa kijiko. Mama alieleza kwamba firigisi imepotea, na maelezo hayo yakaharibu mambo zaidi, kwani firigisi hupoteaje? Mzee aliweka kijiko chini, akasema ameshiba, akaomba kofia yake. Baba alimtazama akitoka. Alibaki ameketi na shati lake lililopigwa pasi, ugali ukipoa mbele yake.

Nekoye aliyaona yote akiwa mlangoni. Moyo ulimuuma vibaya mno. Alitamani arudishe saa nyuma, lakini nyama iliyoliwa hairudi sufuriani. Akatoka mbio, akamfikia Baba Mkubwa nje ya lango.

"Baba Mkubwa, firigisi niliila mimi," alisema huku akilia. "Baba alikuwekea wewe. Mama aliponiuliza, nilimdanganya."

Mzee alisimama, akamgeukia. "Mbona hukusema mapema?" aliuliza.

"Niliogopa."

Hakumkaripia. Alimshika mkono wakarudi pamoja, akaketi tena karibu na ndugu yake na kumweleza alichokisikia. Baba alimtazama binti yake kwa uchungu. Mama alichukua bakuli akaenda jikoni kupasha nyama moto, hana raha hata kidogo, maana ile Krismasi ya utulivu aliyoipanga ilikuwa imekwisha kuharibika.

Baba Mkubwa alimwita Nekoye aketi karibu naye.

"Ungesema kweli pale jikoni, ningecheka tu," alimwambia. "Uliificha, nami nikajiambia kwamba baba yako bado ananichukia. Lakini si wewe uliyeanza kunyamaza. Nyanya yako alituomba mimi na baba yako tuzungumze. Kila mmoja akanyamaza akimngoja mwenzake, mpaka tukamzika. Yeye hatuwezi tena kumwomba msamaha, Nekoye. Mama yako yuko hapo jikoni. Nenda umwombe msamaha sasa."

Baba aliinamisha kichwa. Nekoye akapangusa machozi, akainuka kumfuata mama yake.