Usingizi wa Calist

Siku ile pale Ihanja ilikuwa ya kawaida kabisa. Alizeti imetandazwa uani, kuku wanafukuzwa kila baada ya muda, na Flora ameketi kwenye kigoda anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mtoto wake Eliya analia mgongoni. Wapita njia walishazoea. Yule mtoto alilia usiku kucha, mchana akaendelea pale alipoishia, na sisi majirani tulishaanza kumtania Leonard, baba yake, kwamba amezaa king'ora.

Utani ulikuwa wetu. Flora hakuwa na nguvu hata ya kucheka. Macho yalimwingia ndani, chai alitia chumvi, na juzi yake alisinzia jikoni na mtoto mapajani, akazinduka kichwa cha mtoto kikiwa kimeshaelekea motoni. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Alijua mtoto asipolala, yeye mwenyewe atamuua.

Zahanati walimpima mtoto wakasema ana afya njema. Wakamfundisha Flora amwogeshe jioni, amlaze saa ile ile kila siku, chumba kiwe na giza na utulivu. Alifanya yote. Eliya akalia humo humo gizani.

Ndipo mama mkwe wake, Sara, alipoingilia kati.

"Mama Eliya, huyu anatafuta jina," alisema. "Eliya ni la kanisani. La ukoo hajapewa."

Jambo hilo si geni kwetu. Mtoto akilia bila ugonjwa, hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, huku mama akimwekea ziwa mdomoni. Jina litakalomfanya ashike ziwa na kunyamaza ndilo lake. Sharti ni moja tu, na Flora alilijua tangu kwao Iguguno: hatajwi mtu aliye hai.

Sara akaanza palepale uani, anapepeta huku anataja. Ntandu. Mughwai. Njiku. Mtoto analia. Akaenda mpaka kwa mababu ambao hata yeye aliwasikia tu kwa wakubwa, mtoto analia. Jua likawa kali. Flora akainua uso, na kupitia mlangoni akaiona picha iliyotundikwa sebuleni kando ya picha ya marehemu baba mkwe wake: kijana mwenye kofia, ameegemea lori. Aliwahi kumuuliza Leonard ni nani. "Huyo kaka Calist," Leonard alijibu, kisha akainamisha kichwa na mazungumzo yakaishia hapo. Flora alimhurumia, akaacha kuuliza.

"Calist," Flora akasema.

Eliya akashika ziwa. Akanyamaza.

Ungo ukamtoka Sara mkononi.

"Calist hajafa," alinong'ona. "Yuko mjini, Utemini. Aliuza ng'ombe wa baba yake bila kumwambia mtu, tukaacha kumtaja. Tuliacha kumtaja tu, mwanangu. Hatukumzika."

Flora akamtazama mtoto. Alikuwa amelala.

Sara alimweleza kwamba jina huondolewa na mdomo ule ule ulioliita, asubuhi kabla jua halijatoka. Unatema maji kizingitini na kulikataa jina, mtoto akiwa analia. Asipolia, haliondoki. "Usicheleweshe," alimwambia. Lakini kesho yake Eliya alikuwa amelala fofofo, na keshokutwa pia. Mtoto aliamka kunyonya, akacheka kidogo, akalala tena. Flora naye akalala. Rangi ikamrudia, akaanza kuimba akiwa jikoni. Tukamsifu. Nani angemlaumu?

Calist alikuja mchana mmoja wa jua kali.

Flora hakumtambua mpaka alipovua kofia. Mashavu yalikuwa yamebonyea na macho mekundu kama pilipili. Sara alimwona kupitia dirishani, akaingia chumbani na kujifungia.

"Shikamoo, shemeji," Flora alimwamkia.

"Marahaba." Calist akakaa kwenye benchi la mlangoni. "Mtoto amelala?"

"Amelala."

"Mwamshe."

Flora hakumuuliza amejuaje kwamba ana mtoto. Alimwinua Eliya taratibu, akamsugua nyayo. Eliya akafumbua macho, akaangua kilio.

Kule kwenye benchi, kichwa cha Calist kikaanguka kifuani. Akakoroma.

Flora alisimama palepale. Mtoto analia, mtu mzima anakoroma. Ikawa hivyo mchana kutwa. Jua likaanza kuzama, mtoto kalia mpaka sauti imekauka. Flora akashindwa kuvumilia, akampa ziwa. Kope za Eliya zikashuka.

Calist akafumbua macho.

Hakupiga miayo wala hakujinyoosha. Alimtazama tu.

"Umeona," alisema polepole. "Tangu umtaje, sijalala usingizi wangu mwenyewe. Niondolee, shemeji. Nakufa."

"Kesho asubuhi," Flora akasema. "Nakuapia."

Calist akavaa kofia, akarudi mjini. Hakuna aliyemkaribisha alale.

Asubuhi Flora alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Ilibaki kumliza mtoto. Kumfinya tu. Eliya alikuwa amelala kinywa wazi, kiganja kimeshika kanga ya mama yake. Flora akanyoosha mkono. Akaukunja.

Akasema, kesho.

Kesho ikafika, akasema hivyo hivyo. Namwelewa, na bado namchukia kidogo kwa hilo. Alijua anachokifanya. Kila alipomlaza mtoto alijua ni nani anayeamka Utemini.

Simu iliita wakati anaanika alizeti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, jirani yake Calist.

"Calist amelala," alisema. "Tunamwamsha tangu asubuhi. Haamki."

Flora alishusha simu. Akageuka kwenye mkeka alikomlaza Eliya.

Macho yalikuwa wazi.

Walimleta Calist nyumbani wakamzika nyuma ya shamba, karibu na baba yake. Sara alilia mpaka akazimia. Eliya alikuwa mgongoni kwa mama yake muda wote wa mazishi, anatazama. Hakulia. Jioni hakulala. Hakulala siku iliyofuata, wala baada ya hapo.

Mpaka leo halali. Wamempeleka hospitali mbili, wamempeleka kwa mchungaji, wamempeleka kwa watu ambao mchungaji asingependa kuwasikia. Leonard ameondoka, anasema anatafuta kazi. Kila asubuhi kabla jua halijatoka, Flora hubeba mtoto na maji mpaka kizingitini, na siku hizi humfinya kweli. Humfinya mapajani hadi panakuwa peusi. Anamsihi alie. Eliya anamtazama tu, mdomo ameufumba.

Mimi hupita pale kuchota maji, na asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti, anampangusa mtoto macho kwa pindo la kanga. Nikamuuliza ni tongotongo? Alinifungulia ile kanga nione.

Ulikuwa udongo. Mbichi, mwekundu, wa chini kabisa, ule unaotoka shimo la kaburi likishakuwa refu.

"Napangusa kila siku," alininong'oneza. "Unazidi kuwa mwingi."