Sakafu Mbili, Nyumba Moja

— Omega ni nani?

Digna aliuliza ufagio ukiwa bado mkononi. Mvua ya asubuhi ilipenya dirishani, ikaosha chokaa ya ukuta wa chumbani, na chini yake ikajitokeza mistari ya kalamu, mmoja juu ya mwingine. Omega miaka miwili. Omega miaka mitatu. Omega miaka minne.

Fulgensi, mchumba wake, alicheka kama mtu aliyemeza inzi.

— Mafundi hao, mama. Kule yadi Mlabani wanachorachora tu.

— Mafundi wako wanarefuka kila mwaka?

Yadi hiyo hutengeneza kuta nyepesi zenye namba, zinapakiwa kwenye lori la Fuso, zikifika zinafungwa kwa bolti. Nafuu kuliko tofali. Nyumba hii ilifika hapa Masagati Jumatatu, Jumanne ikawa na pazia, na kuku wa jirani wakataga ndani wakidhani ipo tangu enzi za bibi zao. Baba yake Digna alishasema: bila nyumba, hakuna ndoa. Ndoa ni Jumamosi.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Fulgensi iliyokuwa mezani. Digna akausoma kwa sauti, kama anasoma bei ya sabuni:

"Baba Omega, tumerudi Sanje kutoka Mahenge kumzika mama. Tumekuta sakafu tu. Majirani wanasema ulikuja na mafundi ukafungua bolti, ukaondoka na nyumba. Mtoto anauliza atalala wapi. Violeth."

— Digna, tuliachana zamani! Nyumba nilinunua mimi!

— Yeye anajua kama mmeachana?

Fulgensi akafunga dirisha.

— Nilitaka uwe na kwako. Nakupenda.

— Juzi baba yangu alituombea baraka ndani ya chumba cha mtoto wako.

Digna akasubiri machozi. Hayakuja. Akasubiri hasira, nayo wapi.

— Lile Fuso lililoleta nyumba bado limekwama kwenye tope?

— Limenasuliwa. Linaondoka leo.

— Tupu?

— Tupu, ndiyo, lakini...

— Lisiondoke tupu. Nipe spana.

Digna, dereva na utingo wake wakafungua bolti, na saa kumi jioni nyumba nzima ilikuwa imelala ndani ya Fuso. Fulgensi alikaa humo humo juu ya mabati ya paa kama mfiwa, akingoja kuambiwa ashuke. Hakuna aliyemwambia.

Kabla ya kumrushia simu yake, Digna aliandika:

"Dada Violeth, pole na msiba. Nyumba inarudi. Ukuta wenye mistari ni namba nne, usiupake rangi."

Fuso likaondoka. Digna akaokota ufagio, akamalizia kufagia sakafu.